Sauti ya Saa Nane Usiku

Aliyekulia na redio ya betri anaijua siri hii bila kufundishwa: mchana unapata stesheni za jirani tu, lakini jua likishazama, za mbali nazo zinaanza kuingia. Unazungusha kitufe polepole, unapita kwenye mikwaruzo na miluzi, mara sauti ya mtu inaibuka kutoka mji ambao hujawahi kuuona, wazi kama vile anaongea chumba cha pili. Kazi hiyo hufanywa na anga. Mchana kuna tabaka huko juu linaloamshwa na miale ya jua, nalo humeza mawimbi ya masafa ya kati. Usiku tabaka hilo hutoweka, mawimbi hupanda zaidi, hugonga tabaka jingine na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka.

Ralph Emery alijenga maisha yake juu ya jambo hilo moja. Kwa miaka 15, kuanzia 1957, alikaa studio usiku wa manane mjini Nashville, jimbo la Tennessee, akipiga muziki wa kantri na kuzungumza na watu wasiolala. Baadaye televisheni ilimfanya ajulikane kwa sura Marekani nzima, na ndiyo wengi wanaitaja kwanza. Mimi naamini kila alichokifanya mbele ya kamera alikuwa amejifunza gizani, kwenye zamu ambayo hakuna mtangazaji mwingine aliyeitaka.

Stesheni yenyewe iliitwa WSM, na haikuwa ya serikali wala ya wanamuziki. Ilikuwa ya kampuni ya bima, National Life and Accident. Herufi zile tatu zilitokana na kaulimbiu ya kampuni, kwamba inawakinga mamilioni. Ilianza kurusha matangazo Oktoba 1925, na hesabu yake ilikuwa nyepesi: wakala wa bima akibisha mlango kwa mkulima, asiwe mgeni kabisa, awe ametoka kwa wale wanaoleta muziki wa fidla na banjo kila Jumamosi usiku. Mwaka 1932 kampuni ilisimamisha mlingoti huko Brentwood, kusini mwa Nashville. Kimo chake kilikuwa futi 878, karibu mita 268, na umbo lake ni la ajabu kidogo: mwembamba chini, umepanuka katikati, kisha mwembamba tena hadi kileleni. Kutoka hapo zilirushwa wati 50,000 kwenye kilohezi 650, masafa ambayo usiku WSM iliachiwa peke yake, asiingie mwingine. Anga ilikamilisha iliyobaki. Mtu wa Georgia, wa Illinois, wa Kansas, hata wa Kanada, aliweza kuipata WSM kitandani kwake.

Kipindi cha Jumamosi ndicho kilichokuja kuitwa Grand Ole Opry, na hata jina hilo lilitoka mdomoni mwa mtangazaji. George D. Hay, usiku mmoja wa 1927, alipokea matangazo mara baada ya kipindi cha muziki wa kiungwana kutoka mtandao wa NBC. Akawaambia wasikilizaji kwamba wamekwisha kusikia opera kuu, sasa wasikie ya kwao, na neno lenyewe akalitamka kwa lafudhi ya shamba. Jina likanasa, likaishi kuliko aliyelitamka. Nalitaja hili kwa sababu historia ya muziki wa kantri huandikwa kana kwamba ni ya waimbaji peke yao. Watangazaji walikuwemo tangu siku ya kwanza, na mengi walitengeneza wao.

Walter Ralph Emery alizaliwa tarehe 10 Machi 1933 McEwen, mji mdogo magharibi mwa Nashville. Mwaka ule Marekani ilikuwa katikati ya dhiki kuu ya uchumi. Baba yake alikuwa mlevi. Mama yake alielemewa na maisha hadi akaugua. Mtoto akalelewa na babu na bibi, shambani. Emery mwenyewe alieleza baadaye kwamba redio ndiyo iliyokuwa familia yake. Aliyasema hayo akiwa mtu mzima, mwenye jina na mali, na hakuyasema kwa mapambo. Mtoto anayekaa mbele ya sanduku la mbao akisikiliza watu wasiomjua wakisalimiana, wakitaniana na kuagana hadi kesho, huwa anajifunza jinsi watu wanavyokaa pamoja. Wengine hujifunza hayo mezani kwa wazazi wao.

Alipokua alihamia Nashville, akafanya vibarua, kisha akajiunga na chuo cha utangazaji cha Tennessee. Mwalimu wake alikuwa John Richbourg, na hapa historia ina jambo la kupendeza. Richbourg ndiye John R. wa stesheni ya WLAC, mzungu mwenye sauti nzito aliyepiga muziki wa ridimu na bluu usiku, na wasikilizaji wake wengi Weusi kote Kusini walidhani ni mwenzao. Mfalme wa usiku wa muziki mmoja ndiye aliyemfundisha mfalme mtarajiwa wa usiku wa muziki mwingine. Kazi ya kwanza ya Emery ilikuwa WTPR, kwenye mji mdogo wa Tennessee uitwao Paris. Kisha akazunguka, stesheni hii na ile, akaenda hadi Baton Rouge, Louisiana, akarudi. Ndiyo maisha ya watangazaji wa enzi hizo: sanduku moja la nguo na kazi isiyo na uhakika.

WSM ilimchukua mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 24, ikampa zamu ya kuanzia saa nne usiku. Kwa wengine hiyo ilikuwa kama kuzikwa hai. Tena muziki wenyewe ulikuwa matatani. Elvis Presley na wenzake wa rokanroli walikuwa wamewazoa vijana wote, na stesheni moja baada ya nyingine ilikuwa ikiuacha muziki wa kantri. Chama cha muziki huo kilipohesabu mwaka 1961, Marekani nzima ilikuwa na stesheni 81 tu zilizoupiga kutwa nzima. Kwa hiyo mwimbaji wa kantri aliyetoa wimbo mpya alikuwa na milango michache ya kubisha. Loretta Lynn mwaka 1960 alisafiri kwa gari na mumewe, stesheni hadi stesheni, santuri yake mkononi, akiwaomba watangazaji waisikilize. Ukifikiria safari kama hiyo, ndipo unaelewa maana ya kijana mmoja mwenye wati 50,000 na usiku mzima wa kujaza. Akiweka santuri yako mara moja, inasikika majimbo mengi kabla hakujapambazuka.

Na kuiweka santuri ilikuwa kazi ya mikono. Mtangazaji wa enzi hizo alikuwa na mashine mbili, moja ikicheza hewani, nyingine ikisubiri. Kwenye ile inayosubiri anashusha sindano mwanzoni, anaizungusha sahani taratibu kwa kidole hadi noti ya kwanza ya gitaa igune kwenye spika ndogo ya studio, kisha anairudisha nyuma kidogo na kuishikilia pale pale. Huku akiongea na maikrofoni, jicho lipo kwenye saa ya ukutani na kidole kipo ukingoni mwa sahani. Sentensi ya mwisho inapokaribia kuisha, kidole kinaachia. Noti inaingia pale pale neno linapokatika. Akichelewa, pengo la kimya linasikika nchi nzima. Akiwahi, anajimeza mwenyewe. Kazi hiyo hurudiwa usiku kucha, na fundi mzuri huifanya hadi msikilizaji asijue kwamba kuna kazi.

Lakini Emery hakubaki kuwa mpiga santuri. Studio ya WSM ilikuwa katikati ya mji, si mbali na ukumbi wa Ryman ambako Opry ilifanyika. Wanamuziki wakimaliza shoo, au wakitoka baa, au wakirudi safari ya barabarani saa saba usiku bila usingizi, walijua kuna taa moja inayowaka. Walikwenda. Hawakuhitaji miadi. Marty Robbins alikuwa mzoefu kuliko wote: aliingia anapojisikia, akakaa kwenye piano au akashika gitaa, akaimba anachoombwa na wasikilizaji, zake na za watu wengine. Tex Ritter, mwimbaji na nyota wa filamu za makauboi, alipohamia Nashville mwaka 1965 alikaa kwa muda kwenye kiti cha pili cha kipindi hicho, mzee mwenye hadithi zisizoisha. Willie Nelson na Merle Haggard walipita hapo wakiwa bado hawajawa majina makubwa yanayojulikana leo.

Huko nje waliokuwa wakisikiliza ni madereva wa malori, walinzi, wauguzi wa zamu, wakulima wanaoamka kukamua, na wale ambao usingizi umewakimbia kwa sababu zao. Kwao hayo hayakuwa mahojiano. Ilikuwa baraza. Anayejua baraza ya nyumba ya Kiswahili, ambapo mtu hupita, husalimu, huketi bila kualikwa na mazungumzo huendelea yenyewe, ameielewa studio ile. Emery hakuwa na papara. Sauti yake ilikuwa ya chini, tulivu, swali lake fupi, na baada ya kuuliza alinyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Redioni kimya kinatisha, na mtangazaji mchanga hukijaza haraka kwa maneno yake mwenyewe. Yeye aliweza kuungoja usiku, naye mgeni, akiona hakuna anayemharakisha, akasema la pili ambalo hakukusudia kulisema.

Hata yeye alijaribu kuimba. Mwaka 1961 mwimbaji Faron Young alivuma na wimbo wa Willie Nelson, "Hello Walls". Wapenzi wa taarabu watalielewa upesi lililofuata: wimbo ulijibiwa kwa wimbo. Emery alitoa "Hello Fool", jibu la ule wa kwanza, ukapanda hadi namba 4 kwenye chati ya kantri. Hakupata mwingine wa kiwango hicho, akarudi kwenye kiti chake.

Usiku ulikuwa na bei yake. Emery aliandika mwenyewe, bila kuficha, kwamba alitegemea vidonge vya kumweka macho hadi vikamtawala. Ndoa yake na mwimbaji Skeeter Davis, aliyeimba "The End of the World", ilianza 1960 na kufa 1964. Kila mmoja wao alikuja kuandika kitabu, na vitabu hivyo viwili havipatani. Mwenye kuvisoma vyote viwili anabaki na huzuni kwa wote wawili.

Kuna usiku mmoja wa 1968 ambao hauwezi kurukwa. Mwezi Machi kundi la The Byrds, vijana wa rokanroli kutoka California wenye nywele ndefu, walikuja Nashville kurekodi albamu ya kantri. Moyo wa jambo hilo alikuwa Gram Parsons, kijana wa miaka 21 aliyeupenda muziki huo kwa dhati. Waliimba Opry, wakapokewa kwa baridi. Parsons aliongeza ubaridi huo alipobadilisha wimbo uliopangwa na kuimba "Hickory Wind" kwa ajili ya bibi yake. Kisha wakaenda kwenye kipindi cha Emery, na rekodi yao mpya mkononi. Kwa maelezo ya Roger McGuinn, kiongozi wa kundi, Emery aliwabeza hewani na hakutaka hata kuipiga. McGuinn na Parsons walilipiza kwa kutunga "Drug Store Truck Drivin' Man", wimbo mkali unaomchora mtangazaji kuwa mbaguzi na mtu wa roho finyu. Ulitoka kwenye albamu ya 1969, na mwaka huo huo mwimbaji Joan Baez aliuimba kwenye tamasha la Woodstock mbele ya umati mkubwa.

Shutuma za wimbo ule zilikuwa nzito kuliko kosa lenyewe. Lakini kosa lilikuwepo, na mimi siwezi kulipamba. Studio ile ilipendwa kwa sababu mlango wake ulikuwa wazi. Usiku ule ulifungwa usoni mwa kijana ambaye, kama Emery mwenyewe, alikuwa ameupenda muziki huo kwa moyo wote. Parsons naye alikuwa mtoto wa nyumba iliyovunjwa na pombe. Albamu waliyoirekodi, "Sweetheart of the Rodeo", leo inahesabiwa kuwa miongoni mwa misingi ya muziki unaochanganya kantri na roki. Sikio bora la Nashville lilitazama nywele kabla ya kusikiliza.

Mwaka 1972 Emery aliuacha usiku. Kwa desturi yake hakupumzika: akawa mtu wa alfajiri. Kwenye televisheni ya WSM aliendesha kipindi cha asubuhi hadi 1991, na katika miaka ya 1974 hadi 1980 akaongoza pia "Pop! Goes the Country", kilichouzwa kwa stesheni mbalimbali nchini. Kipindi cha asubuhi kilikuwa cha mji wa Nashville tu, chenye bendi yake studio, kahawa, taarifa za hali ya hewa na waimbaji wasio na jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akija mama mmoja muuguzi na binti yake, Naomi na Wynonna Judd, kuimba kabla ya siku kuanza. Asubuhi moja Naomi alileta sabuni aliyoipika nyumbani. Emery akawabandika jina, akina dada wa sabuni, na Nashville ikawajua kwa jina hilo kabla ya kuwajua kwa nyimbo zao. Mwaka 1984 wimbo wao "Mama He's Crazy" ulifika namba 1.

Tarehe 7 Machi 1983 ilizinduliwa televisheni ya kebo ya The Nashville Network, na kipindi chake cha kila usiku wa siku za kazi, "Nashville Now", akapewa Emery. Dakika 90, moja kwa moja, mbele ya hadhira, ndani ya bustani ya burudani ya Opryland. Watazamaji walipiga simu kutoka majimbo mbalimbali, wakaongea na wageni. Alikuwepo hata kikaragosi mwenye ndevu aitwaye Shotgun Red, aliyekuwa akimchokoza mwenyeji. Magazeti yalimlinganisha na Johnny Carson, bwana wa mazungumzo ya usiku wa Marekani. Ulinganisho huo una ukweli, ila Carson alikuwa mchekeshaji. Mgeni alikuja kumsindikiza yeye. Emery alibaki na tabia ya redio. Aliegemea nyuma, akauliza, akangoja. Wazee ambao stesheni mpya zilikuwa zimewasahau walipata kiti pale pale walipoketi vijana wa mwaka ule, na baadhi ya watu waliosikia sauti yake kwenye malori miaka 20 nyuma wakaona kwa mara ya kwanza uso unaoitoa.

Sisi huku Afrika Mashariki hatukumpata Emery. Masafa ya kati hayavuki bahari hivyo. Lakini muziki wenyewe ulitufikia, na aliyeingia nao nyumba nyingi za Kenya alikuwa Jim Reeves, ambaye santuri zake zilipigwa Krismasi na matangani hadi wasiojua Kiingereza wakazihifadhi. Reeves naye alikuwa mtangazaji kabla ya kuwa nyota, kwenye stesheni ya KWKH huko Shreveport, Louisiana. Kwenye nyumba niliyokulia sauti yake haikuhitaji tafsiri, na nilipojua alikotokea nilielewa kwa nini: hakuwa akiimbia ukumbi. Alikuwa akimwimbia mtu mmoja aliyekaa karibu na redio.

Kitabu cha Emery, "Memories", kilitoka 1991 na kuingia kwenye orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa zaidi. Aliondoka "Nashville Now" Oktoba 1993. Mwaka 2007 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa Muziki wa Kantri pamoja na waimbaji Vince Gill na Mel Tillis. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 74, alirudi tena kazini, kwenye televisheni ya watu wa mashambani iitwayo RFD-TV, akaendelea hadi 2015. Wageni wake sasa walikuwa wazee wenzake. Waliketi wawili wawili wakikumbuka majina, barabara, na nani alikuwa studio usiku gani. Wengi wa waliotajwa walikwisha kufa, na yeye alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki ambao walikuwepo chumbani.

Alifariki Nashville tarehe 15 Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 88. Ilikuwa Jumamosi. Jioni ile ile, jua lilipozama na masafa yakafunguka, WSM kwenye 650 ikawasha maikrofoni na Opry ikaanza.